Mshika Sahani wa Manjakkadavu

Hakuna mtu katika parokia ya Manjakkadavu aliyevijua videvu vya watu kama Lonappan. Miaka thelathini na sita alisimama kuumeni kwa padri, sahani ya shaba mkononi, akiipitisha chini ya kidevu kimoja hadi kingine ili chembe ya Mwili wa Bwana isije ikadondoka sakafuni. Alijua nani amejikata na wembe asubuhi hiyo, na nani hakunyoa kabisa kwa sababu jana alilewa tembo. Alijua ni bibi gani amebakiwa na meno mawili. Na kwa kuwa wakati huo watu hufumba macho na kutoa ulimi, hakuna aliyepata kujiuliza: huyu naye hupokea saa ngapi?

Hakuwa akipokea. Hiyo ndiyo habari yenyewe, na ni habari ya huzuni, basi hakuna haja ya kuizungusha.

Watu wa Manjakkadavu hawakuiona ahera kuwa mbali. Waliizungumza kama wanavyozungumza habari za ng'ambo ya mto. Muuza maziwa alitia maji kwenye maziwa yake mwaka mzima isipokuwa Kwaresima, na siku alipopata homa kali alituma aitwe padri kwanza, daktari baadaye. Mpima kitambaa aliyeteleza na kufa ghafla dukani kwake alisikitikiwa kuliko mtu aliyeugua miaka miwili, maana huyu wa pili alipata nafasi ya kupakwa mafuta. Ugomvi wa mpaka wa shamba ulimalizwa kwa neno moja tu: "Utakwenda kumjibu nini Mungu?" Wapo walioacha kuiba kwa neno hilo, na wapo walioiba haraka zaidi ili wapate muda wa kutubu.

Nyuma ya makaburi, nje ya ukuta, kulikuwa na kipande cha ardhi kisichobarikiwa. Watu walikiita Shimo la Wahuni. Huko walitupwa waliojiua, waliokufa wakiwa wametengwa na Kanisa, na mlevi mmoja aliyemtukana askofu. Hakuna msalaba, hakuna uvumba, hakuna kengele. Mtu aliyezikwa huko hakutajwa tena hata Novemba, siku ya Marehemu Wote, wakati mishumaa inawaka kila kaburi mpaka makaburi yanaonekana kama sokoni.

Lonappan alirithi kazi ya kanisa kwa baba yake: kupiga kengele, kuwasha mishumaa, kuandaa mavazi ya padri, kujibu sala kwa Kisuriani, lugha ya kale ya kanisa, ambayo nusu yake hakuielewa. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na saba, hajaoa, aliporudishwa nyumbani dada yake, Kunjeli. Kunjeli alikuwa ameolewa ng'ambo ya mto miaka saba, hajapata mtoto. Mumewe alimleta kwa mtumbwi na sanduku lake la bati, akaliweka ukumbini, akamwambia mama mkwe, "Huyu binti yako nakuachia." Hakuketi hata kunywa maji.

Mama hakuuchukua mzigo huo vizuri. Kila siku alikuwa na la kusema, mara wali umeungua, mara majirani wanauliza, mpaka mwishowe alimgeukia Lonappan: "Wewe ndiye mwanamume wa nyumba hii. Amua." Na Lonappan akaamua. Ilikuwa Ijumaa, wanakula muhogo na mchuzi wa samaki. Hata hakumtazama usoni.

"Mwanamke akishaolewa, kwao ni kwa mumewe," alisema. "Jumatatu nakurudisha."

Kunjeli aliendelea kuchambua mwiba wa samaki. "Sawa, kaka," alisema.

Jumatatu alfajiri Lonappan alitoka kwenda kupiga kengele ya Malaika wa Bwana, akapitia kisimani kunawa miguu. Juu ya ukingo wa kisima palikuwa na shuka ya bega ya Kunjeli, imekunjwa vizuri, na juu ya shuka kile kidani kidogo cha dhahabu chenye msalaba ambacho mume humfunga mkewe shingoni siku ya harusi. Mwanamke wa kwao hakivui mpaka awe mjane. Hakivui kuoga, hakivui kujifungua. Lonappan alisimama pale akikitazama, na alielewa mara moja. Ndoo ilikuwa inaning'inia mahali pake, kavu.

Angeweza kupiga kelele palepale. Wengi tungepiga. Lakini yeye ni mtu wa kanisa, na kichwa chake kilikwenda moja kwa moja kule nyuma ya ukuta. Aliichukua ndoo, ile iliyoshonwa kwa karara la mpopoo, akaitupa kisimani pamoja na kamba yake. Shuka akaitandaza kwenye kamba ya nguo. Kile cha dhahabu akakifutika kiunoni. Ndipo akapiga kelele.

Wanaume wa jirani walipokuja na kamba nene, Lonappan alisema, "Ni dada yangu. Nashuka mimi." Na kule chini, maji yakiwa kifuani, kabla ya kumfunga kamba ili avutwe juu, alimfunga kwanza kidani chake shingoni. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi. Fundo lilimshinda mara mbili, juu wakiuliza, "Lonappan, vipi? Umempata?" naye akijibu, "Ngojeni! Ngojeni kidogo!" Mara ya tatu lilikaza.

Padri mkuu wa wakati ule, Padri Kuriakose, hakuwa mtu wa kudanganywa kirahisi. Alimpeleka Lonappan kanisani, akamsimamisha mbele ya tabenakulo, taa nyekundu inawaka.

"Mbele ya Bwana aliyemo humu," alisema, "dada yako aliteleza?"

"Aliteleza, Padri. Alikuwa anateka maji."

"Unaapa?"

"Naapa."

Kunjeli alizikwa ndani ya ukuta, kwa msalaba wa fedha, kwa mwavuli wa kanisa na kengele. Lonappan mwenyewe ndiye aliyekuwa anapeperusha uvumba. Watu walipofika kumbusu maiti mara ya mwisho, naye aliinama, na katika sikio lile baridi akasema, "Kunjeli, sijui wamekupeleka wapi. Lakini popote ulipo, nitakuja. Hutakaa peke yako." Mama yake alidhani anasali.

Hesabu yake ilikuwa nyepesi, na ya kutisha. Aliyejiua yuko motoni. Hivyo ndivyo alivyofundishwa tangu anajifunza kuunganisha viganja. Aliyeapa uongo mbele ya tabenakulo, naye ni wa huko, asipojuta. Basi yeye hatajuta. Ahadi haikuhitaji kitu kingine zaidi ya hicho.

Hapo ungetegemea mtu aharibike. Akishajua kwamba mlango umefungwa, kwa nini ajizuie? Lakini Lonappan alikwenda kinyume. Vipande vya mishumaa ambavyo baba yake alikuwa akiuza kimyakimya, yeye alivirudisha vyote kabatini. Divai hakuionja. Aliyekuja kumsengenya mwenzake sakristia alipewa kitambaa asugue vinara. Mtu alipofiwa, Lonappan hakuharakisha maziko hata kama mvua ilikuwa inakuja. Na mchana, jua likiwa kali na watu wamelala, alizunguka nyuma ya ukuta na panga lake, akafyeka upupu wa Shimo la Wahuni, midomo yake ikicheza. Aliwaombea wale ambao ilikatazwa kuwaombea. Yeye aliwahesabu kama majirani zake wa baadaye.

Mapadri waliokuja na kuondoka aliwaambia kwamba anaungama na kupokea kwa watawa wa ng'ambo. Watu wengi walifanya hivyo, hasa wenye dhambi za aibu, kwa hiyo hakuna aliyeuliza.

Mwaka mmoja baada ya msiba alioa. Mkewe aliitwa Kathri, binti wa mafundi wa matofali, mfupi, mwenye mdomo usiolala. Walipata mtoto mmoja, Varunni, ambaye alipokua alikwenda kufanya kazi Uarabuni na kutuma barua zenye stempu za ngamia. Lonappan na Kathri walizeeka kwa kutaniana. Kathri alimwita "Askofu" kila alipochelewa kurudi. Yeye hakumwambia kitu. Alimpenda, na kadiri alivyompenda ndivyo alivyoogopa kumwambia, kwa sababu Kathri alikuwa mtu wa peponi, hilo lilionekana wazi. Kathri hata samaki aliwaomba radhi kabla ya kuwapaa.

Kathri aliugua mwaka ule mvua zilipochelewa. Moyo ulichoka, miguu ikavimba, akawa wa kitandani. Ijumaa ya kwanza ya mwezi padri huwapelekea wagonjwa Komunyo nyumbani, na Padri Jose, kijana mdogo kuliko Varunni, alikuja akifuatana na Lonappan aliyebeba sahani na taa. Kathri alipokea. Kisha Padri Jose akageuka, ametabasamu, hostia nyingine mkononi.

"Na wewe, mzee. Leo mpokee pamoja."

Lonappan alifunga mdomo. Aliufunga kama mtoto anayekataa dawa. Padri alishangaa, akairudisha hostia, akamaliza sala, akaondoka. Kathri hakuwa amefumba macho.

"Baba Varunni. Umefunga mdomo kwa nini?"

"Nilikuwa nimekunywa chai. Si vizuri kupokea juu ya chai."

"Chai gani? Chai ya nyumba hii napika mimi, na mimi nimelala hapa tangu Jumanne."

"Nilikunywa dukani."

"Muongo. Dukani unaona uchungu kutoa hata senti. Kaa chini uniambie."

Akakaa chini akamwambia. Kisima, kidani, kiapo, ahadi. Ilimchukua muda mfupi kuliko alivyodhani. Miaka yote ile aliiona habari ndefu. Kathri alimsikiliza akitazama dari.

"Kwa hiyo," alisema mwishowe, "miaka thelathini na tano nimelala kitanda kimoja na mtu anayekwenda motoni, na hakuona umuhimu wa kunitaarifu."

"Ningekuambia ungelia."

"Ningelia, ndiyo! Halafu ningekupiga na mwiko." Alivuta pumzi, maana ilikuwa haba. "Na mimi je? Nikifika huko juu nitakaa na nani? Na mama yako?"

Lonappan alikaribia kucheka, na machozi yakamtoka.

"Mama yako aliyesema mchuzi wangu una harufu ya matope? Milele na milele nikae naye mimi peke yangu, wewe haupo?"

"Kathri, Kunjeli hana mtu."

"Na mimi ninaye nani?"

Miaka yote aliwaza safari yake mwenyewe tu, na dada yake anayemsubiri gizani. Hakupata kuwaza kwamba kwenda huku ni kumwacha mtu kule.

"Nenda kaungame," Kathri alisema.

"Siwezi. Sijuti."

"Basi sikiliza. Padri akija na mafuta, nitakunja ngumi. Hanipaki mtu. Nitakwenda utakakokwenda. Tutakuwa watatu, nimwone huyo wifi aliyenichukulia mume kabla sijaolewa."

"Usiseme hivyo! Kathri, usiseme hivyo hata kwa utani!"

"Nimewahi kusema kitu nisikifanye?"

Hajawahi. Aliwahi kuapa hatakanyaga kwa kaka yake, na kwa miaka kumi na tisa hakukanyaga mpaka alipokwenda kumzika. Na Lonappan aliamini kila neno la katekisimu. Kwake hayo hayakuwa maneno ya mgonjwa, ilikuwa roho ya mkewe iliyo ukingoni kwa sababu yake. Siku tatu alimbembeleza. Siku ya nne Kathri hakuweza tena kumeza uji, na bado viganja vyake vilikuwa vimefumbwa juu ya shuka. Lonappan alivaa shati safi akaenda kanisani.

Alipiga magoti kwenye dirisha la maungamo ambalo alikuwa akilipangusa vumbi kila Jumamosi. Alimwambia Padri Jose yote. Padri alisikiliza, na sauti yake ilipotoka ilikuwa ya upole kweli.

"Mzee Lonappan, siku hizi tunawazika wote. Kanisa halimhukumu tena mtu aliyechoka namna ile."

"Na wale wa shimoni, Padri?"

"Tuwaombee," alisema. "Kiapo chako Mungu anakisamehe. Sema tu kwamba unajuta. Na ahadi ile iache. Mwachie Mungu dada yako."

"Padri, mumewe alimwachia mama. Mama aliniachia mimi. Mimi nikamwambia Jumatatu namrudisha kwa mumewe. Kila mmoja alimwachia mwenzake. Leo mimi tena nimwachie Mungu?"

"Mungu si kama ninyi."

"Naomba iwe hivyo. Lakini mimi nilimwahidi yeye. Niambie unajua yuko mbinguni, Padri, nitajuta sasa hivi."

Maskini Padri Jose, alikuwa kijana mkweli. Laiti angekuwa mwongo kidogo tu, angemwokoa yule mzee.

"Natumaini," alisema. "Siwezi kusema najua."

"Basi."

"Mzee wangu, siwezi kukufungulia wakati wewe mwenyewe umeng'ang'ania."

"Ndiyo, Padri. Asante." Lonappan aliinuka, magoti yakalia, akatoka. Alikaa kwenye ngazi za kanisa mpaka kivuli cha msalaba wa uani kikamfikia miguuni, kisha akashika njia ya nyumbani. Kathri alikuwa macho.

"Umeungama?"

"Nimeungama."

"Yote?"

"Yote."

"Amekuondolea?"

Alimtazama mkewe. Uso ulikuwa umebaki macho tu.

"Ameniondolea," alisema Lonappan.

"Kweli?"

"Kweli."

"Amekupa malipizi gani?"

"Rozari tatu."

"Tatu!" Kathri alijaribu kunyanyua kichwa. "Kwa miaka thelathini na sita, rozari tatu? Mapadri wa siku hizi, jamani." Lakini uso ulikuwa umelegea kwa furaha, na taratibu, kidole kimoja kimoja, akafungua viganja.

Padri Jose alikuja alasiri hiyohiyo na mafuta na Komunyo ya safari. Alimpaka kipaji cha uso, akampaka viganja. Kathri alimshika mkono wake. "Asante kwa mume wangu, Padri," alisema. "Umenirudishia."

Padri alimtazama Lonappan. Yaliyosemwa dirishani hayatoki dirishani, hata kwa kichwa kutingishwa, hata kwa jicho. Alisimama pale na siri yake, kisha akampa Kathri Komunyo, na Kathri akaimeza kwa shida.

"Na yeye," Kathri akasema. "Mpe na yeye. Nataka nimwone."

Lonappan alijua anachokifanya. Anayepokea akiwa katika dhambi anakula hukumu yake mwenyewe. Alilijua hilo kabla hajajua kusoma. Miaka yote alikuwa amekosa mara moja tu, kwa kiapo kimoja. Alipiga magoti kando ya kitanda, akafungua mdomo. Mkono wa padri ulisita hewani. Haukuweza kukataa bila kusema. Ukashuka. Hostia ilikuwa nyepesi, haina ladha, ilimnata juu ya ulimi, naye akaimeza mkewe akimtazama.

"Umeona?" Kathri alisema. "Haiumi."

"Haiumi."

Padri Jose aliondoka bila kuaga vizuri. Lonappan alivuta kigoda karibu. Nje jirani alikuwa anatwanga pilipili, na Kathri alilala kimya muda mrefu, vidole vyake ndani ya vidole vya mumewe, mpaka akadhani amesinzia.

"Baba Varunni."

"Naam."

"Nikifika, siingii ndani moja kwa moja. Nitakungoja mlangoni. Tuingie wote."

Lonappan aliivuta shuka akamfunika miguu.

"Miguu yako imevimba," alisema. "Usisimame sana. Tafuta mahali ukae."